Tenda kwa Jina la Mzawa, Mshiko wa Nani?

Ukisikia neno "mzawa" kwenye habari za mafuta na gesi, usikimbilie kupiga makofi. Uliza kwanza: mzawa wa tumbo la mama au mzawa wa makaratasi? Maana mjini kuna watu ambao kazi yao ni kuzaliwa Tanzania tu, basi. Hawana ghala, hawana lori, hawana hata spana, lakini wana kampuni tatu za "huduma za mafuta na gesi". Ofisi ni simu ya mkononi. Muhuri uko kwenye dashibodi ya gari, tena gari la kuazima.

Hawa ndio nataka tuwajadili wiki hii, na nitaanzia mbali kidogo, Munisagara.

Kwa usiyeijua, Munisagara ni kituo cha ile reli ya kati ya zamani, ukiwa umetoka Kilosa unaelekea Kidete, kando ya mto Mkondoa. Hakuna kisima cha gesi pale, usinielewe vibaya. Lakini kama kuna mahali Tanzania hii pana haki ya kuuliza habari za mikataba, ni pale. Novemba 1884, Mjerumani Carl Peters alimsainisha Mangungo wa Msovero, huku huku Usagara. Siku chache baadaye, Desemba, akafika kwa Muini Sagara naye akaweka alama yake. Mikataba ilikuwa ya Kijerumani, lugha ambayo watawala hao hawakuisoma. Februari 27, 1885 mfalme wa Ujerumani akatoa hati ya ulinzi, karatasi zikageuka koloni. Hivyo mtu wa Kilosa akikuuliza nani kasoma mkataba kabla ya kutia sahihi, usimwone mshamba.

Mwaka huu nilikuwa huko kumsalimia bibi. Kibarazani kwake nikamkuta mzee mmoja mstaafu wa reli, tukaanza stori.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nasikia nyie wa magazeti mmekazana na gesi. Mnasema tenda sasa ni za wazawa."

"Ndiyo babu, sheria ipo."

"Sawa, sheria ipo. Nani anawakagua hao wazawa wenyewe?"

Nilicheka, lakini swali nikaja nalo mjini. Mzee aliuliza penyewe.

Sheria kweli ipo, tena si ya kitoto. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inamtaka mwenye leseni, mkandarasi wake na wakandarasi wadogo walio chini yake kuanza na bidhaa zinazopatikana Tanzania na huduma za Watanzania. Kama kitu hakipatikani hapa, kiletwe na kampuni iliyoingia ubia na kampuni ya ndani, na hiyo ya ndani iwe na hisa zisizopungua asilimia 25 katika ubia. Mwaka 2017 zikaja kanuni za ushiriki wa wazawa: mkandarasi alete mpango wake wa ajira, mafunzo, manunuzi, bima, benki, mpaka mawakili. Wakaguzi nao wapo. Kazi za kutafuta na kuchimba zinasimamiwa na PURA. Mabomba, maghala na mauzo yako kwa EWURA, ambayo ina daftari la kampuni za ndani zinazotaka kazi hizo.

Sasa sikiliza utamu ulipo. Kanuni zinaposema ushiriki wa wazawa, hazizungumzii anwani ya kampuni. Zinazungumzia thamani inayoongezeka au kuzalishwa ndani ya uchumi wa Tanzania. Yaani mshiko umelala wapi. Hapo ndipo wajanja wanapotupiga chenga, kwa sababu kuhesabu anwani ni rahisi, kufuata shilingi ni kazi.

Tupige hesabu ya mfano, hata sisi tulioishia Form Four tunaiweza. Mradi unataka valvu za shilingi milioni 100. Tenda anapewa mzawa wa makaratasi. Valvu zinatoka nje kwa milioni 88, meli na gharama nyingine za huko huko zinakula 6, lori la kutoka bandarini linachukua 3, mwenye jina anabakiwa na 3. Kwenye ripoti itaandikwa: tenda ya milioni 100, mzawa asilimia 100. Lakini kilicholala Tanzania ni milioni 6! Ngoma hiyo hiyo, chukua milioni 100 za mchele, maharage, nyama na mboga za kambi. Mchele wa Kilosa, lori la Dumila, wapishi wa hapa hapa. Hata ukitoa dizeli na vipuri vya nje, sehemu kubwa ya fedha inabaki ikizunguka kwa akina mama wa sokoni. Kwenye ripoti, tenda hizi mbili zinafanana kama mapacha.

<b>Jamaa wa Mikumi</b>

Mnaweza kusema mwenye jina amekula milioni zake 3 za bure, ana shida gani? Subirini.

Mshikaji wangu mmoja wa Mikumi, jina kapuni, alisajili kampuni akiwa na ndoto ya kuuza buti, helmeti na glavu kwenye miradi. Akahangaika na tenda mwaka mzima, patupu. Akatokea bwana mmoja na maneno matamu: wewe usisumbuke, lete cheti cha kampuni tu, mtaji wetu, mzigo wetu, kazi yetu. Jamaa akapewa milioni 2 mkononi na ahadi ya nyingine. Mradi gani na mkoa gani, navyo naviacha kapuni.

Ankara zikatoka kwa jina la kampuni yake. Fedha zikaingia kwenye akaunti ya kampuni yake, ambayo yeye alikuwa amewapa wenzake mamlaka ya kutia sahihi. Zikaingia na kutoka, yeye anaziona kwenye ujumbe wa simu kama anavyoona treni ya mizigo ikipita. Kazi ikaisha, bwana yule akazima simu. Watu wa kodi walipokuja hawakumtafuta yule bwana. Walimtafuta mwenye jina, kwa mauzo yote yaliyoandikwa kwa jina lake. Pikipiki imeuzwa, kiwanja cha Mikumi kimeuzwa, na bado anadaiwa. Kwa milioni 2!

Tena afadhali kodi. Kanuni za 2017 zinasema kumtumia Mtanzania kama kivuli ili kampuni ya kigeni ionekane ya kizawa ni kosa, na kosa halimwangukii mgeni peke yake. Aliyekubali kuwa kivuli naye yumo.

Lakini nisiwe mnafiki, vijana hawaingii kwenye mchezo huu kwa kupenda. Mlango wa haki wenyewe ni mwembamba kama wa choo cha daladala, ambacho hakipo. Utaombwa uzoefu wa miaka mitano kwenye kazi ambayo imeanza juzi. Utaombwa cheti cha ISO. Utaombwa dhamana ya benki, na benki nayo itakuomba nyumba. Ukipenya yote hayo ukapeleka mzigo, unalipwa baada ya siku 60 au 90, wakati mwenye lori anataka chake jioni hiyo hiyo. Hapo yule bwana mwenye mtaji akija na milioni 2 zake mkononi anaonekana malaika.

Binamu yangu ni welda. Geti la chuma anakutengenezea likapendeza kama la balozi. Bomba la mafuta ni habari nyingine. Kule kila kiungo kinapimwa, na fundi hagusi bomba bila kufaulu mtihani, kama ule wa kuchomea bomba lililolala mshazari, wanaouita 6G. Hapo siwalaumu wenye mradi hata kidogo. Kiungo kibovu kinalipuka. Ninachosema ni kwamba kanuni zilidai mpango wa mafunzo uletwe mapema, kabla ya kazi kuanza, ili binamu afanye mtihani leo na siyo siku bomba limeshafukiwa.

Na muda ndiyo habari yenyewe. Mikumi bomba si kitu kigeni. Lile la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, linapita huko tangu 1968. Lilijengwa na Waitaliano, likasafirisha mafuta ghafi miaka nenda rudi, na mwaka 2023 likageuzwa kupitisha dizeli. Watoto wa Mikumi wamezaliwa wamelikuta na wamezeeka nalo. Bomba likishafukiwa linataka watu wachache sana. Ulaji wa wengi uko wakati wa kujenga: chakula, malori, kokoto, mahema, ulinzi, kufua nguo za mafundi. Miaka michache tu, kisha kambi inavunjwa. Mkaguzi akija baada ya hapo anakagua majani.

Ndiyo maana bomba la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina maana kubwa kuliko picha za kukata utepe. Lina kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko kwetu, kwenye mikoa minane. Morogoro haimo, lakini mchele wa Kilosa haujui mipaka ya mkoa. Mabomba yenyewe yalinunuliwa China, hilo halina ujanja, hatuyatengenezi. Ila kiwanda cha kuyavika kinga ya joto kikajengwa Sojo, wilayani Nzega, kikazinduliwa Machi 2024. Huo ndio mfano wa thamani kulala nchini: bomba la nje, kazi ya hapa, mshahara wa Nzega.

<b>Majirani wanabana vipi?</b>

Waganda walifanya jambo moja ambalo mimi nalipenda. Kanuni zao za mwaka 2016 zilitaja aina 16 za bidhaa na huduma ambazo zimetengwa kwa kampuni zao: usafiri, ulinzi, chakula, hoteli, upimaji ardhi, kukodisha kreni, kuondosha taka na nyinginezo. Imeandikwa, hakuna kubembelezana. Mgeni anayetaka kuuza mchele kwenye kambi lazima aeleze kwa nini.

Nigeria wakaenda kwenye mfuko. Sheria yao ya 2010 inakata asilimia 1 ya kila mkataba wa mafuta na gesi kwenda kwenye mfuko wa kuwajengea uwezo wenyeji, na anayevunja sheria anaweza kupigwa faini ya asilimia 5 ya thamani ya mradi au mradi wenyewe kufutwa. Asilimia 5 ya mradi, jamani! Siyo faini ya kuegesha gari vibaya.

Na ukitaka kujua watu wakichoka inakuwaje, nenda Turkana, Kenya. Mafuta yaligunduliwa 2012. Oktoba 2013 wananchi waliingia kwenye eneo la kampuni ya Tullow wakidai ajira na tenda, kazi ikasimama. Mwaka 2018 wakazuia malori ya mafuta yaliyokuwa yakienda Mombasa. Sisi tusijifanye wapole, Mtwara mwaka 2013 tunaikumbuka. Bomba la gesi la kwenda Dar liliwasha moto, watu wakafa, na kelele za mtaani zilikuwa hizo hizo: sisi tunabaki na nini?

Mimi ninavyoona, PURA na EWURA hawahitaji sheria mpya. Wanahitaji kufungua ankara. Kampuni imepewa tenda ya chakula, haya, tuonyeshe lisiti za mchele. Imepewa tenda ya usafiri, kadi za magari ziko kwa jina la nani? Mtia sahihi wa akaunti ya benki ni nani? Maswali matatu tu, asubuhi moja tu, na kivuli kinaonekana bila tochi. Halafu bandikeni majina: tenda fulani, kampuni fulani, thamani kadhaa, wakandarasi wadogo ni hawa. Bandikeni hata kwenye mbao za ofisi za vijiji kule bomba linakopita. Wanakijiji wanajua nani ana lori na nani ana maneno.

Na mkandarasi mkubwa akichelewesha malipo ya mzawa mdogo, ihesabiwe kuwa hakutekeleza mpango wake. Kumpa mtu tenda halafu ukamlaza njaa siku 90 ni kumfukuza kwa adabu.

Kwako kijana uliyesajili kampuni na bado unasubiri simu: daftari la EWURA ni la wenye vitu, hivyo andikisha unachokifanya kweli, hata kama ni kuosha mashuka ya kambi. Akija bwana mwenye maneno matamu, mwambie alete mkataba wa Kiswahili, usome wewe mwenyewe, kisha umsomee mtu ambaye hana haja ya fedha yako. Angalia nani anatia sahihi benki. Angalia kodi inalipwa na nani, na kwa tarehe gani. Kama kipengele hicho hakimo, rudisha kalamu yake, umsindikize mpaka stendi.