Saratani ya koo: virusi na protini vyasaidia kukadiria hatima ya mgonjwa

Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na uvimbe wa ukubwa mmoja, katika sehemu ile ile ya koo, wakapewa matibabu yale yale, lakini mmoja akapona na mwingine akafariki. Wataalamu wamebaini kuwa tofauti hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na chanzo cha saratani: virusi, au tumbaku na pombe.

Virusi hivyo ni vya papiloma, vijulikanavyo kwa kifupi kama HPV. Aina ya 16, ambayo pia husababisha saratani ya mlango wa kizazi, ndiyo hupatikana zaidi kooni, hasa kwenye mafindofindo na shina la ulimi.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulionesha kuwa baada ya miaka 3, asilimia 82.4 ya wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa na HPV walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 57.1 ya wasio na virusi hivyo. Hata hivyo, miaka mingi ya kuvuta sigara ilipunguza nafuu hiyo.

Breki iliyopoteza kazi

Maabara nyingi hutafuta dalili ya virusi kupitia protini iitwayo p16, ambayo kwa kawaida ni breki ya kuzuia seli zisigawanyike ovyo. HPV huharibu mfumo ambao breki hiyo huutumia. Seli huendelea kutengeneza p16 kwa wingi bila mafanikio, na wingi huo huonekana kwa hadubini kipande cha uvimbe kinapotiwa rangi maalumu.

Kipimo hiki ni rahisi kuliko kutafuta vinasaba vya virusi, lakini hakitoshi daima. Uchambuzi wa kimataifa wa mwaka 2023, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 7,600, ulibaini kuwa majibu ya vipimo hivyo viwili yalipingana kwa asilimia 9.2 ya wagonjwa. Waliokuwa na p16 pamoja na HPV walinusurika miaka 5 kwa asilimia 81.1, waliokuwa na p16 bila HPV, asilimia 54.7 tu.

Matumaini si ruhusa ya kupunguza dawa

Kwa kuwa saratani ya HPV hutibika vizuri zaidi, madaktari walitumaini kuwaepusha wagonjwa na sisplatini, dawa inayoweza kudhuru figo na usikivu. Mwaka 2018 majaribio mawili yalitoa onyo. Katika lile la Marekani na Kanada, asilimia 84.6 ya waliopewa sisplatini pamoja na mionzi walikadiriwa kuishi miaka 5, dhidi ya asilimia 77.9 ya waliopewa setuksimabu badala yake. Hivyo kiashirio humwambia daktari mgonjwa ana matumaini kiasi gani. Hakimpi idhini ya kulegeza tiba kabla ya kuthibitishwa.

Kinga nayo ipo. Mwaka 2011 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuanzisha chanjo ya HPV kitaifa kwa wasichana, ikilenga saratani ya mlango wa kizazi. Kwa upande wa koo, uvimbe shingoni usiouma, kumeza kwa shida au maumivu yanayozidi wiki 3 ni sababu ya kutosha ya kwenda hospitali, hata kwa mtu asiyevuta sigara.