Glavu za Kupandia Miti: Je, Mikono ya Mtoto Wako Iko Salama?

Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi anayeishi na mumewe na watoto wao wawili katika mji wa Atlanta, Marekani, alituandikia barua yenye uchungu. Jumamosi moja mumewe alialikwa na rafiki yake wa kazini kwenda kupanda miti kwa kamba, naye akamchukua binti yao wa miaka 12. Asubuhi ile kulikuwa na baridi, basi binti akavaa glavu zake za sufu, zile azivaazo kwenda shule.

Alipanda vizuri. Lakini wakati wa kushuka aliona kamba inateleza mikononi, akaogopa. Akalivuta kwa nguvu fundo linaloongoza kamba, akashuka kasi, na kamba ikapita kiganjani mwake kama moto. Mwalimu wake alipompigia kelele aliachie fundo, likashika, naye akasimama hewani. Hakuvunjika mfupa. Ila kiganja kilijaa malengelenge, na kwa wiki nzima hakuweza kushika kalamu.

Mama alipiga marufuku mchezo huo nyumbani. Baba akasema mchezo hauna kosa, kosa ni la glavu. Kwa siku kadhaa wawili hao waliongea kwa shida. Mama akatuuliza: je, amkataze mtoto, au amsikilize mumewe?

Sisi tunaona kwamba kila mmoja wao alikuwa na sehemu ya ukweli. Ndiyo maana tumeamua kulieleza jambo hili kwa kirefu.

Mchezo wenyewe ni upi?

Watoto wetu hupanda miembe na mipera tangu zamani, na hata Zakayo katika Luka sura ya 19 alipanda mkuyu ili amwone Yesu. Lakini hawa wa Atlanta hupanda kwa utaratibu mwingine. Katika mji huohuo, mwaka 1983, Peter Jenkins, aliyekuwa mpanda majabali na baadaye mtunza miti, alianzisha chama kiitwacho Tree Climbers International ili kuwafundisha watu wa kawaida kupanda miti kwa burudani.

Mpandaji hurusha kifuko kizito chenye uzi mwembamba juu ya tawi nene lililo hai. Uzi huo huvuta kamba, nayo hupita juu ya tawi, ncha zake mbili zikarudi chini. Ncha moja hufungwa kwenye mkanda mpana unaozunguka kiuno na mapaja, ambao mpandaji huukalia kama kiti. Kisha fundo maalumu hufungwa kuzunguka upande wa pili wa kamba. Fundo hilo husogea likisukumwa kwa mkono, na hushika likibeba uzito wa mtu. Kwa hiyo mpandaji hupanda kidogo kidogo, na akichoka hukaa tu hewani akapumzika. Kichwani huvaa kofia ngumu.

Hapa ndipo penye jambo kubwa ambalo kila mzazi apaswa kulishika: kinachobeba uhai wa mtoto ni fundo, kamba, mkanda na tawi. Glavu haibebi uhai. Glavu si breki. Kazi yake ni kulinda ngozi na kuupa mkono utulivu, ili mtoto asishikwe na hofu akafanya haraka. Binti yule aliokolewa na fundo, pale alipoliachia. Lakini hofu yake ilianza katika glavu iliyoteleza.

Glavu za aina gani?

Akina mama, tusinunue glavu kwa kuvutiwa na rangi. Tuangalie kiganja.

1. Sufu na pamba tupu. Hizi hazifai. Huteleza kwenye kamba, na huchakaa upesi. Ziachwe kwa ajili ya baridi.

2. Kitambaa kilichopakwa mpira kiganjani. Hizi ni za bei nafuu, na wafanyakazi wengi wa miti huzipenda kwa sababu mpira hushika kamba vizuri, huku mgongo wa mkono ukipata hewa. Humsaidia mtoto asiye na nguvu nyingi mkononi. Ubaya wake ni kwamba mpira haupendi joto. Kamba ikipita kwa kasi, mpira huweza kulainika na kunata. Basi zinawafaa wale waliofundishwa kushuka polepole.

3. Ngozi. Ngozi ya mbuzi ni laini na hufuata vidole. Ya ng'ombe ni nene na hudumu. Ngozi huvumilia joto la msuguano kuliko mpira. Chagua yenye kiganja cha tabaka mbili, na uhakikishe mishono haipiti mahali ambapo kamba husugua.

4. Zisizo na ncha za vidole. Wazoefu huzipenda kwa kuwa wanaweza kufunga mafundo bila kuzivua. Lakini ncha za vidole hubaki wazi kwa magome na kamba. Kwa mtoto anayeanza, tunashauri glavu nzima.

Kwa aina yoyote, mafundo ya mwanzo yafungwe na kukaguliwa chini kwa mikono mitupu, na mwalimu ayaone, kisha ndipo glavu zivaliwe.

Kupima mkono

Kosa lililo la kawaida ni kumvika mtoto glavu za baba yake. Ncha tupu za vidole hukunjamana, na huweza kuvutwa ndani ya fundo pamoja na kamba. Ndipo mkono hukwama, fundo nalo halifanyi kazi yake sawasawa.

Chukua utepe wa fundi cherehani. Zungusha kwenye kiganja, mahali palipo pana chini ya vidole, bila kuhesabu kidole gumba. Glavu nyingi za kazi huuzwa kwa namba zinazolingana na inchi za kipimo hicho. Mkono wa inchi 7, yaani karibu sentimeta 18, huvaa namba 7. Wa inchi 8, karibu sentimeta 20, huvaa namba 8. Kipimo kikiangukia katikati, jaribu zote mbili.

Kisha mwambie mtoto avae glavu na aokote sarafu mezani, halafu afunge kamba za viatu vyake. Akishindwa, glavu ni kubwa mno au ni ngumu mno. Akikunja ngumi na kuona vidole vinabanwa, ni ndogo. Glavu iishie vizuri kwenye kifundo cha mkono, na ifungike, isiache mdomo unaopwaya.

Maneno mawili kwa sisi wake za watu

La kwanza ni pete ya ndoa. Tunajua wengi wetu hatupendi kuivua. Lakini pete ikinaswa na kamba au tawi huku uzito wa mwili ukining'inia, kidole huweza kuumia vibaya sana, na glavu juu yake haizuii jambo hilo. Ivue kabla ya kutoka nyumbani na uiweke mahali salama. Usiitundike shingoni kwa mkufu, maana mkufu nao hunaswa. Nywele ndefu zifungwe nyuma, na vitambaa vinavyoning'inia viachwe chini. Ndoa haimo katika pete.

La pili ni ufuaji. Katika miti ya Georgia, jimbo ulimo mji wa Atlanta, kuna mmea utambaao wenye majani matatu matatu, ambao mafuta yake huwasha ngozi na kuifanya itoke vipele. Mafuta hayo hukaa katika glavu muda mrefu. Mama anayezichukua kwa mikono mitupu na kuzichanganya na nguo za mtoto mchanga hupata vipele asijue vimetoka wapi. Zifue peke yake kwa sabuni na maji mengi, ukiwa umevaa glavu za mpira za kuoshea vyombo. Glavu za ngozi zifutwe, na zianikwe kivulini. Ukizikausha kwenye moto au jua kali hukakamaa na kupasuka.

Je, amkataze?

Tulimjibu dada yetu kwamba hofu ya mama si upungufu wa imani. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu aliwaagiza Waisraeli kuzungushia ukuta dari za nyumba zao, mtu asije akaanguka. Hakuwakataza kupanda darini. Aliwataka wajenge ukuta. Kumpenda mtoto ni kumjengea ukuta huo: mwalimu anayejua, kamba iliyokaguliwa, kofia, mkanda, na glavu zinazomkaa. Tena ni kumfundisha kushuka polepole, maana joto la msuguano huunguza kiganja, na huharibu hata kamba yenyewe. Tena afundishwe kwamba akiogopa, aliachie fundo.

Vilevile tulimwomba aketi na mumewe wazungumze, mtoto akiwa amelala. Baba asiichukulie jeraha la mtoto kuwa jambo dogo, na mama asimfanye baba kuwa adui wa watoto wake.

Baada ya miezi miwili alituandikia tena. Siku moja baada ya chakula cha Jumapili, mumewe mwenyewe alileta utepe wa cherehani, akapima mikono ya wote wanne mezani. Binti alikuwa namba 6, mama namba 7. Waliponunua glavu, walinunua na za mama. Alisema alipanda hadi kimo cha nyumba tu, akaketi hewani mikono ikimtetemeka, na binti yake, aliyekuwa chini, ndiye aliyempigia kelele kwamba akiogopa aliachie fundo.

Nasi tulio mbali na Atlanta tuna la kujifunza. Glavu ya kukatia kuni, ya kupalilia au ya kubebea mawe hupimwa kwa utepe uleule. Mithali 31 humsifu mwanamke afanyaye kazi kwa mikono yake. Basi na tuitunze mikono hiyo, yetu na ya watoto wetu, kwa kuwa bado ina kazi nyingi ya kufanya.