Kipakatalishi kikikosa sauti, usikimbilie fundi

TANGU Microsoft ikomeshe huduma za kawaida za Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, mwenye kipakatalishi kikuukuu mtaani Woodley, Nairobi, ana sababu ya kuhamia Linux, ambayo kwa kawaida hailipiwi. Kero ni pale mashine inapowaka vyema, lakini sauti haitoki. Wengi hudhani kadi ya sauti imekufa, wakaanza kusaka pesa za nyingine. Mara nyingi imezibwa tu.

Sauti katika Linux hupitia ALSA, mfumo ulioingizwa katika kerneli 2.6 mwaka 2003, nao una desturi (ya kuudhi, kwa kweli) ya kuanza ukiwa umeziba njia zake. Fungua dirisha la amri, uandike alsamixer. Bonyeza F6 uchague kadi ifaayo, kwani huenda sauti inaelekezwa kwenye tundu la HDMI, lile la runinga. Herufi MM zaashiria njia iliyozibwa. Bonyeza M, kisha uipandishe kwa kitufe cha mshale.

Iwapo spika zimenyamaza ilhali vipokea sauti vya masikioni vyasikika, zima Auto-Mute Mode papo hapo. Amri aplay -l isipoonyesha kadi yoyote, jaribu kerneli mpya kabla ya kumwita fundi.