Motere Ndogo Inapolia

Watoto wa kwetu wazijua beringi kabla ya kulijua jina lake. Ni zile pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, zenye gololi katikati, ambazo hutolewa katika magari mabovu na kutiwa katika vigari vya mbao. Hata chukudu za Goma, zenye kubeba magunia ya makaa na viazi, huteremka mlimani kwa msaada wake. Mafundi wetu waliozoea Kifaransa huziita roulements.

Leo twataka kusema habari za beringi ndogo zaidi, zile za motere za ndege za mashindano. Ndege hizo hazibebi mtu. Katika mashindano ya timu, ndege tatu huruka pamoja katika duara moja, kila moja ikishikwa kwa nyuzi mbili za chuma zenye urefu wa mita 15.92, ili mzunguko mmoja uwe mita 100. Mizunguko 100 ni kilometa 10. Motere yenyewe haizidi sentimita za ujazo 2.5, yaani nusu ya kijiko cha chai! Lakini nyingi katika motere za namna hii hupita mizunguko 24,000 kwa dakika, ndiyo mara 400 kwa kila sekunde. Uzito huo wote wa kazi hukaa juu ya beringi mbili zinazoushika mhimili, moja nyuma karibu na pistoni, moja mbele karibu na rafadha.

Mtu hudhani kwamba beringi hufa kwa kuzunguka. Mara nyingi hufa kwa kulala. Motere nyingi za mbio hutumia methanoli iliyochanganywa na mafuta, kama yale ya mbarika, na methanoli huvuta maji kutoka hewani. Motere ikiwekwa kabatini ina mabaki ya methanoli ndani yake, kutu huanza kula gololi. Zungusha mhimili polepole kwa vidole: ukisikia kama mchanga, au mhimili ukicheza juu na chini, usiiwashe tena. Gololi moja ikipasuka, vipande vyake vyaweza kupanda mpaka kwenye silinda na kuharibu pistoni, na hapo hakuna cha kutengeneza.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara. Motere haikuwa yetu. Kijana mmoja alikuwa ametuazima. Tulizing’oa beringi mbovu kwa nyundo na bisibisi, kasha likiwa baridi, kisha tukazisukuma mpya kwa jiliwa, tukikandamiza pete ya ndani. Tulijiona mafundi. Kumbe nguvu yote ilipita katika gololi, na kila gololi ikachimba kishimo chake katika njia yake. Tena tundu la kasha lilikuwa limekwaruzwa, hata beringi ya nyuma ikawa yazunguka ndani yake. Tulimpelekea kijana motere yake tukamwambia kosa ni letu. Hakusema neno, aliigeuzageuza tu mkononi. Tuliilipa kidogo kidogo kwa muda wa miezi mitatu.

Kazi hii haitaki nguvu, yataka moto. Kasha ni la alumini, beringi ni ya chuma cha pua, na alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma hicho. Tuchukue beringi namba 608, yenye upana wa milimita 22. Joto likipanda kutoka digrii 20 hata 150, tundu la kasha hutanuka kiasi cha sehemu 6 za mia za milimita. Beringi iliyomo hutanuka sehemu 3 tu. Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, chuma kinapovimba, tundu halizibani? La. Tundu hukua pamoja na kasha lote, kama duara uliyoichora juu ya mpira unaovutwa pande zote.

Basi, fungua motere yote, utoe pistoni, silinda na mhimili, uoshe kasha na kulikausha kabisa. Methanoli ni sumu, kidogo tu chaweza kumpofusha anayeinywa, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Kwa hiyo isikaribie jiko, wala kasha lisiokwe pamoja na chakula cha nyumbani. Tia kasha katika tanuri. Kama huna kipimo, dondosha tone la maji juu yake: lirukeruke na kukauka mara moja. Vaa kitambaa kinene, uligonge kasha juu ya ubao, mdomo wake chini. Beringi ya nyuma itaanguka yenyewe. Ya mbele isukume kutoka ndani kwa kijiti cha mti mgumu.

Beringi mpya zilale kwanza katika barafu ya friji muda wa saa moja, zikiwa zimefungwa zisipate unyevu. Namba ziwe zile zile, na kama alama C3 iliandikwa katika zile za zamani, itafute, maana yake ni nafasi zaidi kwa gololi zitakazopata joto. Pasha kasha tena, dondosha beringi wima katika tundu lake. Ikisitasita, isukume kwa bomba linalogusa pete ya nje peke yake. Ikikaa upande, usiipige. Itoe, pasha tena.

Kasha likipoa, tia mafuta, rudisha mhimili bila kuulazimisha, uuzungushe kwa vidole. Usikie kimya. Na baada ya kila siku ya mbio, acha motere imalize methanoli yote iliyobaki, kisha utie matone ya mafuta ya mashine na kuizungusha mara kadhaa kabla ya kuifunga katika kitambaa.