Upasuaji wa Uvimbe Uliojificha Chini ya Utando wa Tumbo

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kwamba si kila anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami ana vidonda vya tumbo. Uvimbe huweza kuota chini ya utando wa ndani wa tumbo, mara nyingi katika tabaka la misuli, ukakaa kimya kwa miaka. Ukianza kuvuja, mgonjwa huishiwa damu taratibu. Katika wilaya za Masasi na Newala, ambako malaria na safura navyo hupunguza damu, chanzo hicho ni rahisi kusahauliwa.

Upasuaji si jambo geni huko. Marehemu Dk. Leader Stirling, aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania mwaka 1975, alifika Masasi mwaka 1935 na kufanya kazi Lulindi. Leo mkazi wa Newala, mji ulio ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde, anaweza kutibiwa Ndanda, au kupewa rufaa hadi Hospitali ya Kanda ya Kusini, Mtwara, iliyoanza huduma mwaka 2021.

Kikwazo ni uchunguzi. Mpira wenye kamera ukipitishwa kooni huonyesha kinundu kilichofunikwa na utando mzima, na kinyama kinachochunwa juujuu huweza kuleta jibu la kutokuwapo ugonjwa. Iwapo kinundu kimeonekana, jibu hilo lisipokelewe kuwa la mwisho.

Aina ya kuhadhari zaidi huitwa kitaalamu GIST. Usiozidi sentimita 2, na usio na dalili, waweza kufuatiliwa tu. Uliokua hukatwa pamoja na sehemu ndogo ya ukuta unaouzunguka, kisha tumbo hushonwa. Kwa kawaida hapana haja ya kuondoa tumbo zima wala matezi, kwani ugonjwa huu ni nadra kupita huko. Hukimbilia ini na utando wa fumbatio. La muhimu ni uvimbe usipasuke mikononi mwa mpasuaji, kwani mbegu zake zikimwagika hurudi kwa urahisi. Katika kazi hii kasi si sifa.

Uvimbe uliotolewa sharti upelekwe maabara. Ukubwa wake, mahali ulipoota na wingi wa seli zinazogawanyika ndivyo huamua kama mgonjwa atahitaji vidonge vya imatinibu, vinavyotumika kwa ugonjwa huu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mgonjwa asiondoke hospitalini bila tarehe ya kufuata majibu, na airudie hata ikiangukia msimu wa korosho.