Siri ya Hina Kukolea Kiganjani

Mwezi wa Disemba 2024, katika mkutano uliofanyika Asunción, mji mkuu wa Paraguay, shirika la UNESCO liliziandika mila za hina katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la pamoja la nchi 16 za Kiarabu, tangu Mauritania upande wa magharibi hata Omani upande wa mashariki. Na habari hiyo ilipoenea, msomaji wetu mmoja alituletea suala ambalo limenipendeza kuliko mkutano wote: kwa nini hina ile ile, iliyokorogwa katika bakuli moja na kupakwa saa moja, hukolea kiganjani na unyayoni hata ikawa damu ya mzee, ilhali mgongoni mwa mkono haipiti rangi ya chungwa. Kwa nini siku ya kwanza huwa hafifu na siku ya pili ikawa nzito. Na kwa nini ile ya kucha hukawia miezi?

Umbo la mhina sitalieleza, maana wengi tumeuona uani, illa jina lake la kitaalamu lina kisa. Linnaeus, mwanachuoni wa Uswidi aliyejitwika kazi ya kuipa mimea majina ya Kilatini, aliuita Lawsonia kwa heshima ya rafiki yake Isaac Lawson, tabibu wa Uskoti aliyesaidia gharama za kupiga chapa kitabu cha Systema Naturae mjini Leiden mwaka 1735. Kisha, katika kitabu chake cha mwaka 1753, akaugawa mti mmoja kuwa miwili: Lawsonia inermis, asiye na silaha, na Lawsonia spinosa, mwenye miiba, kumbe mhina mchanga hauna miiba, na ukikomaa ncha za vitawi vyake hugeuka kuwa miiba. Jina lililodumu ni la kwanza. Katika nasaba ya mimea jamaa yake ni mkomamanga, na wakulima wa Sojat, katika jimbo la Rajasthan nchini Uhindi, huulima kwa wingi kwa kuwa hustahimili ukame ambao mazao mengine hayauwezi.

Ajabu kubwa imo ndani ya jani. Ukilipitisha jani zima la mhina juu ya ngozi, halitii doa lolote, kwa sababu rangi yenyewe, ambayo wanakemia huiita losoni kwa jina la yule tabibu, bado haijawa. Kilichomo ni kitu kinachoitangulia, kisicho na rangi, kilichofungamana na molekuli ya sukari. Kitu hicho nimekitafutia jina la Kiswahili kwa bidii. “Rangi tangulizi” ni jina la ofisini, halina uhai. “Rangi bichi” hudanganya, maana unga wa majani yaliyokaushwa nao unacho kitu hicho hicho. Nimekata shauri kukiita rangi-mwali, na kila nikiitazama kazi yake naona kuwa hapana neno la pwani liistahililo zaidi.

Mwali wa zamani aliwekwa ndani, asionwe na jua wala na wageni, na kungwi wake hakumwacha hatua moja. Vivyo hivyo rangi-mwali hukaa katika jani, na sukari ndiyo kungwi wake, na maadamu wameshikana mikono hapana posa itakayojibiwa. Majani yakitwangwa na kukorogwa kwa maji na ndimu, vimeng'enya vya jani na asidi humtenga mwali na kungwi. Mwali hutoka, oksijeni ya hewa humpokea mlangoni ikamvika nguo za harusi, na hapo ndipo awapo losoni, mwenye rangi na tayari kuolewa. Mume wake ni keratini, protini iliyojaa katika ngozi ya juu, katika kucha na katika nywele. Losoni hupenya ngozi iliyolowana ikafungamana na keratini kwa kifungo cha kemia, wala si kwa kugandama tu kama tope ligandamavyo, na kwa hiyo sabuni haiwezi kuivunja ndoa hiyo. Lakini harusi hii ina wakati wake: mwali aliyekwisha kutoka, asipofikishwa kwa mume, hewa humharibu bakulini, na kila mpakaji ajua kuwa hina iliyolala kupita kiasi haikolei. Ndimu ndiyo mshenga mwenye busara, kwani uchachu wake huizuia hewa isifanye pupa, wakatoka wali mmoja mmoja kwa saa nyingi badala ya kumwagika wote kwa pamoja. Na baada ya nikahi huja fungate: losoni iliyokwisha shikwa na keratini huendelea kupokea oksijeni kwa siku moja au mbili, ikatoka katika uchungwa ikaingia katika wekundu wa kahawia, na kwa hiyo wapambaji humkataza bibi harusi kutia mkono maji mapema.

Jibu la kiganja sasa ni jepesi. Tabaka la juu la ngozi ni la chembe zilizokufa, zilizojaa keratini, na kiganjani na unyayoni tabaka hilo ni nene kuliko mahali pengine popote mwilini; penye keratini nyingi ndipo penye ndoa nyingi. Mgongo wa mkono una tabaka jembamba, na rangi yake huondoka upesi kwa kuwa ngozi hujivua yenyewe siku zote.

Mhina haukupewa siri hii peke yake. Wasichana wa Korea, tangu zamani, huponda maua na majani ya mbalsami wakayafunga katika kucha usiku, na kiziachacho nyekundu ni losoni ile ile, katika mmea usio na udugu wa karibu na mhina. Piko nyeusi ni jambo jingine. Aghalabu ina kemikali ya kutia nywele weusi, iitwayo kwa kifupi PPD, iwezayo kuibabua ngozi, na mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD asipakwe hata hina halisi.

Kucha, mwisho, ni keratini tupu na wala hazijivui kama ngozi. Rangi iliyozishika haina njia ya kutoka ila kusukumwa mbele na ukucha unaoota, na ukucha wa mkono huota kadiri ya milimita 3 kwa mwezi. Basi hina ya kucha hungoja mkasi.