Fahamu: Ruzuku ya mbolea, na haki yako ya kuuliza imekwenda wapi

Mkulima wa Kenya anayepata ruzuku ya mbolea hapewi pesa mkononi. Husajiliwa kupitia kwa chifu, hupokea ujumbe wa simu, kisha hununua mbolea kwa bei nafuu: mfuko wa kilo 50 ulishushwa hadi shilingi 3,500 mwaka 2022, na 2,500 mwaka 2023. Tofauti ya bei hulipwa na Hazina.

Basi pesa zenyewe hupita kwa waagizaji na wauzaji, na hapo ndipo macho yanapaswa kuelekezwa. Mwaka 2024 mbolea ghushi ilipatikana ikiuzwa chini ya mpango huu. Bunge lilipiga kura kumng'oa Mithika Linturi, Waziri wa Kilimo wakati huo, lakini kamati teule ikamwondolea lawama.

Nchi za Umoja wa Ulaya huchapisha majina ya wanaopokea ruzuku za kilimo. Sisi hatuhitaji kuanika jina la kila mwenye nusu ekari (faragha nayo ni haki). Orodha ya kampuni, kiasi na bei ingetosha.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinakuruhusu kuiuliza Wizara ya Kilimo, pale Kilimo House, Cathedral Road, Nairobi. Andika kwa Kiswahili ukipenda. Si lazima utaje sababu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, Westlands, kando ya Waiyaki Way. Kuwasilisha ombi hakulipishwi.